SOMO LA REDIO: BARUA NDOGO YA CHOMBO KIDOGO

Walimu wa madarasa, tafadhali hakikisheni kila mwanafunzi ana karatasi na kalamu, kwa maana leo tutafanya hesabu.

Tuseme mkulima amechomeka shambani chombo kidogo cha kupima unyevu wa udongo. Hakina waya. Kina betri mbili ndogo za tochi, redio ndogo, na kompyuta isiyozidi ukucha kwa ukubwa. Kazi yake ni kupeleka habari moja: “Udongo umekauka.” Je, chombo kinyonge namna hii chaweza kusema lugha ileile ya kompyuta kubwa za intaneti?

Zamani wataalamu wengi walijibu, hapana. Walisema kanuni za intaneti, ziitwazo itifaki, ni mzigo mzito mno. Basi kila mtengenezaji akatunga lugha yake, na kila lugha ikataka mkalimani wake, yaani mtambo wa kufasiri. Mkalimani akiharibika, vyombo vyote vilivyo nyuma yake huwa mabubu. Tena ukinunua chombo cha mtengenezaji mwingine, havisikilizani.

Mwaka 2001 Msweden mmoja, Adam Dunkels, alitoa programu iitwayo uIP. Aliweza kuziingiza kanuni za intaneti katika kompyuta ndogo sana, zikitumia kumbukumbu ya baiti mia chache tu. Baiti moja, kwa somo la leo, ichukueni kuwa ni nafasi ya herufi moja.

Sasa shikeni kalamu. Redio nyingi za vyombo hivi hufuata kanuni iitwayo 802.15.4. Kwa kawaida yake, ujumbe mmoja hauzidi baiti 127. Andikeni 127. Redio yenyewe yaweza kutwaa 25 kwa mambo yake. Toeni. Imebaki 102. Kufuli la siri, ili mwizi asisome, laweza kutwaa 21. Imebaki 81. Bahasha ya intaneti, toleo la sita, ni 40. Toeni. Kisha kuna kibandiko cha 8, kinachoonyesha ni programu gani ipokee barua. Toeni tena.

(Kimya kidogo.)

Mmepata 33? Vizuri. Bahasha imekuwa kubwa kuliko barua! Na katika zile 40, anwani ya mpelekaji na ya mpokeaji peke yake ni 32.

Dawa ilitolewa mwaka 2007, ikatengenezwa vizuri zaidi mwaka 2011. Jina lake ni 6LoWPAN. Mfikirieni karani anayempelekea karatasi mwenzake wa meza ya pili. Haandiki sanduku la posta, wala mji, wala nchi. Anaandika “Juma”, basi. Yanayojulikana na wote hayaandikwi. Karatasi ikitoka nje ya ofisi, mtu wa mlangoni huijaza anwani kamili. Msimchanganye na yule mkalimani: huyu wa mlangoni hagusi maneno ya barua.

Barua ikiwa ndefu hukatwa vipande. Lakini kipande kimoja kikipotea, barua nzima hutupwa, kwa hiyo afadhali kuandika kwa ufupi.

Liko jambo la pili, nalo kwa maoni yangu ni gumu kuliko bahasha. Watu hudhani kusema ndiko kunakomaliza betri. Sivyo. Redio moja iliyotumika sana na watafiti, CC2420, hula umeme zaidi kidogo ikisikiliza kuliko ikisema. Ikiachwa wazi usiku na mchana, betri zetu mbili zingekwisha kwa siku tano au sita hivi. Kwa hiyo redio hulala, huamka kwa kitambo kidogo kuliko kufumba na kufumbua jicho, hutega sikio, kisha hulala tena. Ndiyo sababu ukikiuliza chombo cha shambani, jibu laweza kukawia. Hakikufa, kimelala.

Kazi ya nyumbani. Chombo kikisema na jirani yake, bahasha ya 40 na kibandiko cha 8 huweza kupunguzwa pamoja hadi 6. Rudini kwenye 81, toeni 6. Chini ya jibu andikeni barua ya chombo cha shambani inayoenea katika nafasi hizo. Hesabuni herufi zote, na nafasi zilizo kati ya maneno pia. Mwalimu atasahihisha. Kwa herini.