Masomo bila malipo, mwalimu bila mushahara
Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa mugodi na wazazi, Kolwezi



Sikuja kuwasifia masomo. Bei yake munaijua. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu, ni wazazi waliowalipa. Mutoto alifukuzwa darasani kwa sababu baba hajatoa prime. Mwenye watoto sita alichagua: huyu asome, yule angoje. Mara nyingi aliyengoja ni binti.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema masomo ya primari katika shule za serikali ni bila malipo. Tulingoja miaka 13! Mwezi wa tisa 2019 ndipo mulango ulifunguliwa, na watoto waliingia kwa wingi.

Lakini ingieni darasani mutazame. Watoto wanabanana kwenye benchi, wengine wanaketi chini, na mwalimu mumoja mbele yao. Huyo mwalimu analipwa? Wengi walifundisha bila jina lao kuwa kwenye liste ya mushahara. Mwezi wa kumi 2021 walimu waligoma, na wanafunzi wa Kinshasa wakaingia wenyewe ndani ya jumba la bunge, wakidai walimu wao warudi kazini. Watoto, wandugu! Sisi watu wazima tulikuwa wapi?

Wewe mufanyakazi wa mugodi unajua hesabu hii. Mwalimu naye ana tumbo. Serikali isipomulipa, franga zitaombwa tena kwa muzazi, kwa mulango wa nyuma: leo za chaki, kesho za karatasi ya mitihani. Mama mujane hana. Mutoto wake anakwenda kuosha mawe ya kobalti, na kobalti hiyo inakwenda Ulaya na Asia ndani ya simu na motokari za umeme. Mwaka 2023 UNESCO ilihesabu watoto na vijana milioni 250 wasiosoma katika dunia nzima. Wa kwetu wamo.

Basi, shule ya primari ikidai franga, musitoe kimya-kimya, wala musimutukane mwalimu. Ulizeni: ni za nini, nani ameamuru, karatasi yake iko wapi? Halafu andikeni majina ya walimu wasiolipwa, muende pamoja nao kwenye biro ya masomo. Mukiwa wawili watawarudisha. Mukuwe mia mbili.

Liste iko hapa mezani. Anayejua mwalimu wa namna hiyo katika kartie yake, asogee aandikishe jina sasa.