Bima ya Mwenye Nyumba Si Bima Yako

Msikilizaji, ukikatiza mitaa ya Pasua hapa Moshi asubuhi, kuanzia sokoni hadi upande wa Bomambuzi, utakutana na kibao cha zahanati, cha maabara, cha daktari wa meno na cha duka la dawa muhimu. Vingi vimo katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya familia, kisha ukuta wa mbele ukatobolewa ukawa fremu. Dirishani kuna tangazo: tunapokea kadi za bima. Ingia umuulize mwenye zahanati kama friji yake, hadubini yake na dawa zake nazo zina bima. Usishangae akicheka. Mganga hajigangi, wazee walishasema.

Bima tunayoijua vizuri ni ya gari na bodaboda. Tunaijua bima ndogo, tunaijua bima kubwa, na tunaikata kwa sababu trafiki anatungoja barabarani. Ya moto haina trafiki. Isitoshe, kwa kizazi kizima bima ilikuwa jambo la shirika moja tu: Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilianzishwa mwaka 1963, likabaki peke yake sokoni baada ya Azimio la Arusha la 1967, hadi sheria ya 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi. Ndiyo maana hata leo mtu mzima wa Moshi mwenye duka la miaka ishirini anaweza kukuambia bima ni mambo ya wafanyakazi wa serikali na wenye malori.

Halafu ikaja Kariakoo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Dar es Salaam, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua. Mwaka uliofuata, kupitia Sheria ya Fedha ya 2022, Bunge liliongeza kwenye Sheria ya Bima orodha ya vitu ambavyo sasa ni lazima vikatiwe bima: masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, vyombo vya majini na vivuko. Ni hatua nzuri, sina ubishi nayo. Lakini imezaa dhana moja ambayo mimi naiona hatari kuliko kutokuwa na bima kabisa.

Dhana yenyewe ni hii: mpangaji anasikia majengo ya biashara yana bima kwa mujibu wa sheria, anamuuliza mwenye nyumba, anajibiwa ndiyo, nyumba imekatiwa, naye anarudi fremuni kwake na kulala usingizi. Msikilizaji, jengo ni jengo. Bima ya mwenye nyumba inalipa kuta, bati, milango na madirisha ya mwenye nyumba. Friji si yake. Kiti cha meno si chake. Makasha ya dawa yaliyopangwa hadi darini si yake, na kampuni ya bima haiwezi kumlipa mtu mali ambayo si yake wala hana maslahi nayo. Jengo la Kariakoo limejengwa upya kwa fedha za Serikali. Mzigo wa mfanyabiashara uliokuwa ndani bila bima, hilo ni shauri lake mwenyewe.

Na kuna upande wa pili ambao mawakala hawapendi kuusema. Moto ukianzia kwako, kwa uzembe wako, ukaunguza nyumba nzima, kampuni itamlipa mwenye nyumba. Ikishamlipa inarithi haki yake ya kudai. Inaweza kukufuata wewe. Yaani bima uliyodhani inakukinga inakuja kukushika shati. Kwa hiyo mpangaji anahitaji vitu viwili: bima ya mali yake iliyomo ndani, na bima ya dhima kwa hasara atakayomsababishia mwenzake, awe mwenye nyumba au jirani wa fremu ya tatu.

Wenye mkopo nao wana usingizi wao. Benki imekata ada ya bima kwenye mkopo, risiti ipo, basi mtu anahesabu kwamba amemaliza. Soma imekatwa kwa ajili ya nini. Mara nyingi imekatwa kwa kiasi cha deni na kwa dhamana iliyowekwa, na fidia ikitoka inapita benki kwanza. Deni linaweza kuisha na wewe ukabaki na kibao cha zahanati tu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapolia. Tuseme mali iliyomo kwenye zahanati yako, vifaa na dawa, ina thamani ya shilingi milioni 80. Ulipokuwa unajaza fomu uliogopa ada ukaandika milioni 40. Moto ukatokea chumba cha nyuma, ukala vitu vya milioni 20, ukazimwa. Unajiambia: nina bima ya milioni 40, hasara ni milioni 20, nitalipwa zote. Hapana. Umekatia nusu ya mali, utalipwa nusu ya hasara: milioni 10. Kampuni inakuhesabu kama mtu aliyebeba nusu ya hasara hiyo mwenyewe. Kipengele hiki kimo kwenye mikataba ya moto karibu yote, na si dhuluma, kwa sababu ulilipa ada ya nusu. Dhuluma ni kutoambiwa siku ya kusaini.

Kosa hili huzidi kwenye shughuli za afya, kwa kuwa mali yake hupanda bila mtu kuona. Mwaka wa kwanza ni kitanda, mizani na kipimo cha malaria. Mwaka wa tatu kuna ultrasound iliyonunuliwa ikiwa imetumika, mashine ya damu, betri na inveta, na bima bado ni ile ya kitanda na mizani. Ukiongeza kifaa, piga simu kwa wakala wiki hiyohiyo. Kisha uliza mashine ikiungua utalipwa bei ya kununua mpya au bei ya ile ya zamani baada ya kuchakaa. Ni mikataba miwili tofauti, na ada zake ni mbili tofauti.

Nimesimama mbele ya fremu moja ya aina hii. Kushoto fundi wa kuchomelea mageti, cheche zinaruka hadi kwenye baraza. Kulia kijana wa chipsi na mtungi wake wa gesi. Katikati maabara: spiriti chini ya meza, waya mmoja wa kuunganishia umebeba friji, feni, kompyuta na birika la chai. Kwa nyuma, kwenye kona ya chumba cha kupumzikia wagonjwa, mtungi wa oksijeni umeegemezwa ukutani bila mnyororo. Oksijeni yenyewe haiwaki, bali inaufanya moto mdogo uwe mkubwa kabla hujamaliza kuita jina la Mungu. Aprili 2021 mjini Baghdad, hospitali ya Ibn al-Khatib iliteketea baada ya mitungi ya oksijeni kulipuka, na watu zaidi ya 80 wakafa. Hiyo ilikuwa hospitali, si fremu.

Mambo hayo yote, jirani wa kuchomelea, gesi, oksijeni, spiriti, yanatakiwa yaandikwe kwenye fomu ya maombi. Najua kishawishi: ukiyataja ada inapanda. Ukiyaficha, mtathmini wa hasara atayakuta majivuni, na kampuni itakuwa na sababu halali ya kukataa. Bora ada ya juu kidogo kuliko mkataba wenye tundu ulilolitoboa mwenyewe.

Pia umeme. Ukirudi kwa kishindo ukaunguza friji peke yake, bila moto kusambaa, bima ya kawaida ya moto haimlipi mtu friji hiyo. Inalipa kilichounguzwa na moto uliotokana nayo. Insulini na vitendanishi vilivyoharibika kwa kukosa baridi navyo vina kipengele chake cha kuongezwa. Vilevile kipato: zahanati iliyofungwa miezi mitano inaendelea kudaiwa kodi, na wauguzi wazuri hawakungoji. Ipo bima ya mapato yaliyosimama, lakini haiuzwi mpaka uiulize.

Sitawalaumu wenye zahanati peke yao. Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani ambacho hata daktari hukiruka. Halafu Serikali inayosema bima ya jengo la biashara ni lazima, hiyohiyo inatoza VAT ya asilimia 18 juu ya ada yake. Kama kweli tunataka watu wa Pasua, Njoro na Kaloleni wakate, tuanze kwa kupunguza VAT hiyo kwa vituo vidogo vya afya. Mbunge wetu akitusikia alibebe hilo Dodoma.

Ule moto wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020, ulioteketeza kilomita za mraba zaidi ya 90, mji mzima uliuzungumza kwa siku nyingi. Fremu moja ikiungua Pasua haizungumzwi hata siku mbili, ila aliyekuwa ndani yake anaanza maisha upya, na wagonjwa wake wa kisukari wanatafuta pa kwenda.

Basi jioni ya leo toa hati yako kabatini. Angalia jina lililoandikwa kama ni lako au la mwenye nyumba. Angalia kiasi, angalia tarehe, na hakikisha ada imelipwa yote, kwa sababu kwa sheria yetu bila ada hakuna kinga. Thibitisha kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwamba hati ipo kweli. Piga picha kila kifaa pamoja na risiti yake, na picha hizo zisikae kwenye kompyuta ya hapohapo zahanati. Moto ukitokea, toa taarifa polisi na kwa kampuni siku hiyohiyo, wala usifagie majivu kabla mtathmini hajafika. Wakikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili hiyo. Na kabla ya hayo yote, namba ya Zimamoto ni 114. Iandike kwa kalamu nene, uibandike ukutani karibu na bei ya vipimo.