Joto la Chini ya Bati

Mada iliyotolewa na padre kwa viongozi wa jumuiya na wajumbe wa kamati za haki na amani, Nyegina



Ndugu viongozi wa walei, wazee wetu, akina mama, na ninyi walimu mliotoka mbali kuja kutusikiliza. Mlipoambiwa kwamba mada ya leo ni rangi ya mapaa, niliona baadhi yenu wakitabasamu. Mmezoea kuisikia Kamati ya Haki na Amani ikisema mintarafu mirathi ya wajane, mipaka ya mashamba, ukeketaji wa mabinti na wizi wa mifugo. Rangi ya paa, mtasema, ni kazi ya fundi.

Hata hivyo Torati haikuiachia mafundi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 aya ya 8, ajengaye nyumba mpya anaamriwa aweke ukingo darini, ili mtu asianguke kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba za nchi ile zilikuwa na mapaa bapa, na watu walipanda juu kupunga upepo jioni. Sheria haikusema kwamba aangukaye ni mzembe. Ilimshika mwenye kujenga. Mapaa yetu hayapandwi na mtu jioni, lakini chini yake wamekaa watu ambao hawakuulizwa paa liwe la namna gani.

Nawaomba mfanye jambo moja rahisi. Siku ya jua kali, saa nane mchana, simameni chini ya mwembe ulio karibu na shule yoyote yenye bati tupu, kisha ingieni darasani mkae nusu saa. Saa ni ileile na upepo ni uleule. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hiyo ndiyo sababu hewa ya Mara haitulemei kama ya Dar es Salaam au Tanga. Chini ya mwembe mtu hupumua na hata husinzia. Darasani jasho linadondoka juu ya daftari. Basi joto lile halikutoka katika hewa aliyotupa Mungu. Limetengenezwa na paa, na paa limechaguliwa na watu waliokaa katika kikao.

Tuangalie jua letu. Nyegina iko karibu sana na Ikweta, kiasi cha nyuzi moja na nusu kusini yake. Mara mbili kwa mwaka, karibu na mwezi Machi na mwezi Septemba, jua la adhuhuri husimama juu ya utosi. Katika nchi za Ulaya jua hupiga sana kuta na madirisha. Kwetu hupiga paa, mwaka mzima, na adhuhuri isiyo na mawingu kila mita moja ya mraba hupokea nguvu ya jua ya wati 1,000 hivi. Paa la darasa moja hupokea makumi ya kilowati. Na mtihani wa kumaliza darasa la saba umekuwa ukifanyika lini? Mwezi Septemba.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi. Zilikuwa baridi, hilo halina ubishi. Lakini zilivuja, zilikaa panya na nyoka, na cheche moja ya jikoni iliweza kuteketeza mji mzima. Sitaki mtu aondoke hapa akisema padre anatamani turudi kwenye nyasi. Kisha, mnamo Novemba 1974, chama cha TANU kilikutana papa hapa Musoma na kutoa lile Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto wa Tanzania aingie shule ya msingi, na jambo hilo litimizwe kufikia mwaka 1977. Lilikuwa azimio la haki. Wananchi walifyatua matofali, wakabeba mawe na maji, madarasa yakasimama kwa haraka, na bati likawa ndiyo alama ya maendeleo. Fedha ilipokwisha, kilichoachwa mara nyingi kilikuwa dari. Mwaka 2016 karo zilipoondolewa mpaka kidato cha nne, watoto waliongezeka tena. Na mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Nasema haya kwa shukrani. Ila tujue kwamba bati likishapigwa misumari, huamua joto la darasa kwa miaka thelathini au zaidi.

Bati hufanyaje kazi hiyo? Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga. Mwenye kulitazama mchana hufumba macho. Lakini madini yang'aayo yana ubahili wake: joto kidogo yanayolimeza hayapendi kulitoa. Hulilimbikiza, na bati lile jembamba huwa kama sahani ya moto iliyofunikwa juu ya vichwa vya watu. Likizeeka, likapata kutu na vumbi, humeza mwanga zaidi na hali huwa mbaya zaidi. Rangi nyeupe, kinyume chake, ina fadhila mbili kwa pamoja. Ikiwa mpya na safi yaweza kurudisha asilimia 80 ya jua, na joto dogo linaloingia hulitoa upesi. Paa la rangi nzito laweza kufika nyuzi 65 za Selsiasi. Lililopakwa rangi nyeupe ya kuakisi jua laweza kuwa chini ya hapo kwa nyuzi zaidi ya 25. Hewa ya ndani ya chumba haipungui kiasi hicho, tusidanganyane. Hupungua kwa nyuzi 2 au 3, pengine zaidi kidogo pasipo na dari. Lakini mtu aliyekaa chini ya bati haunguzwi na hewa peke yake. Huunguzwa na bati lenyewe linalomwakia kichwani, na moto huo ndio unaopozwa zaidi.

Mtu atauliza, je, nyuzi 2 au 3 ni kitu? Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani, akiwamo Jisung Park na wenzake, walitoa utafiti uliopitia mitihani ya wanafunzi milioni 10 hivi wa sekondari. Waliona kwamba mwaka wa masomo ukiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti tu, ambayo ni kama nusu ya nyuzi yetu ya Selsiasi, mafunzo ya mwaka ule hupungua kwa karibu asilimia 1 katika shule zisizo na mitambo ya kupoza hewa. Na walioumia zaidi walikuwa watoto wa Weusi na wa familia maskini. Sisemi hesabu ya Marekani ihamishiwe Mara kama ilivyo. Nasema tu kwamba mtoto akifeli, mara nyingi tunamlaumu yeye, kisha mwalimu, kisha mzazi. Hakuna anayeinua macho juu.

Na si shule tu. Fikirini mama aliye katika uchungu wa kuzaa ndani ya zahanati yenye bati tupu. Fikirini bweni la wasichana saa tatu usiku, kuta zikiwa bado zinatoa moto wa mchana. Huku kwetu malaria haijatuaga, na kila mzazi anajua kinachotokea kwenye chumba cha joto: chandarua hutupwa pembeni kwa sababu kinazuia upepo. Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba sita za majaribio, zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia mbu, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2017. Nyumba zile zilikuwa na ubaridi zaidi usiku kuliko za kawaida, na mbu walipungua sana. Hapo nyumba yenyewe imefanya kazi ya tabibu.

Sasa nifike panapouma. Ofisi ya mwenye kuamua kwa kawaida ina dari. Nyumba ya mapadre ina dari, tena mimi binafsi nina feni. Anayepitisha makadirio ya ujenzi hukaa mahali pa baridi, na anayekaa chini ya bati hana kura katika kikao. Ndiyo maana nasema jambo hili ni la haki kabla ya kuwa la fundi.

Aidha kumeingia fasheni. Siku hizi bati la rangi nyeusi, la kijivu cha mkaa, la kahawia iliyoiva au la damu ya mzee ndilo linaloonekana la kisasa, na kamati nyingi za ujenzi, za makanisa zikiwamo, hulichagua kwa sababu linapendeza likionekana kutoka barabarani. Tunachanga fedha za wakulima wa mihogo na wavuvi wa dagaa ili tununue joto! Kabla ya kulipa, ulizeni dukani bei ya bati la rangi ya maziwa au nyeupe, la unene uleule na la kiwanda kilekile. Tofauti mara nyingi ni ndogo, na pengine haipo. Jengo jipya halihitaji mradi wala mfadhili. Linahitaji mjumbe mmoja atakayenyosha mkono kikaoni kabla agizo halijatoka. Mafundisho ya jamii ya Kanisa yanaiita hiyo kanuni ya auni: linalowezekana kuamuliwa chini lisingoje wakubwa. Na kwa kuwa majengo mengi ya umma sasa hujengwa na mafundi wa hapahapa chini ya kamati za wananchi, ninyi mlioketi hapa ndio wakubwa wenyewe.

Wenzetu wamekwisha kuanza. Mji wa Ahmedabad nchini India ulipata wimbi la joto mwezi Mei 2010, na vifo vikazidi kawaida ya mwezi ule kwa zaidi ya 1,300. Mji ukaweka mpango wa kukabili joto mwaka 2013, na kuanzia 2017 mapaa ya nyumba za maskini yakaanza kupakwa chokaa nyeupe. Mwaka 2019 yalianzishwa mashindano ya kimataifa ya mapaa baridi, na miongoni mwa nchi kumi zilizopewa fedha za kuanzia zilikuwamo jirani zetu Kenya na Rwanda. Na yupo Francis Kéré wa Burkina Faso, mtoto wa kijiji cha Gando, aliyejenga shule ya kijiji chake mwaka 2001: dari la matofali ya udongo, na bati limeinuliwa juu yake kwa vyuma ili upepo upite katikati. Bati linaungua peke yake huko juu, watoto hawana habari. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote kwa wasanifu wa majengo.

Kwa majengo yaliyokwisha kuezekwa, nina maonyo machache, maana kazi hii ikifanywa ovyo itaaibisha wazo lote.

La kwanza ni maji. Shule na zahanati nyingi hukinga maji ya mvua kutoka paa lilelile na kuyaweka katika simtanki. Basi rangi yenye madini ya risasi isikanyage paa hilo kabisa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto na haina tiba ya kuurudisha. Kiwango kinachoshauriwa na Umoja wa Mataifa hakizidi sehemu 90 kwa milioni. Someni ndoo, na muuzaji asiyeweza kuonyesha maandishi aachwe na ndoo yake. Baada ya kupaka, bomba la kwenda tangini litenganishwe, na mvua mbili tatu za kwanza zimwagwe chini.

Chokaa ni rahisi, lakini imezoea ukuta na saruji. Juu ya bati haishiki vizuri, mvua za masika huishusha, na ikiwa mbichi hula ile zinki inayolinda chuma. Tafuteni rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mapaa ya bati. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, bati lioshwe kwa sabuni na likauke, matundu yazibwe, na penye bati jipya linaloteleza ipakwe praima kwanza, la sivyo rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Darasa la mita 7 kwa 9, ukiongeza mteremko, mabaraza na migongo ya bati, hufanya mita za mraba kama 95. Rangi nyepesi ikipakwa mara mbili hutaka ndoo moja ya lita 20; rangi nzito ya mpira hutaka ndoo kadhaa. Vumbi la kiangazi litaipunguzia weupe, kwa hiyo paa lisafishwe kila mwaka, na baada ya miaka kadhaa lipakwe tena. Fundi apande asubuhi na mapema, avae kamba, na apite juu ya misumari palipo na mbao. Watoto wa shule wasipandishwe juu hata kama wamejitolea.

Wako watakaosema bora dari. Ni kweli dari husaidia, hata kelele za mvua hupungua, jambo ambalo rangi haiwezi. Lakini dari ni ghali, na mnajua wenyewe jinsi popo wanavyolipenda. Penye fedha ya kitu kimoja, mimi ningeanza na rangi, kisha matundu ya hewa juu ya ukuta, kisha miti upande wa magharibi. Na darasa lenye watoto mia moja na ishirini, hata likipakwa weupe wa theluji ya Kilimanjaro, litabaki na joto la pumzi zao. Hilo tuendelee kulidai mahali pake.

Napendekeza tuanze na chumba kimoja. Kila parokia ichague shule moja yenye madarasa mawili yanayofanana, moja lipakwe kabla ya Septemba na la pili liachwe. Kitundikwe kipimajoto katika kila darasa, kimo cha kichwa cha mtoto aliyeketi, na wanafunzi wenyewe waandike namba saa nne na saa nane kwa mwezi mzima. Kipimajoto cha tatu kitundikwe katika ofisi ya parokia, chini ya dari. Madaftari yote matatu yaletwe hapa katika kikao chetu cha Oktoba, na yasomwe kabla ya makadirio ya mwaka unaofuata.