Bei inapanda, nguvu inapungua
Maneno ya komite kwenye mkutano wa wanachama



Tangu turudi, vijana wetu wengi wanafuata bei ya zahabu kwenye telefone. Kuko waliotuuliza: feza ya sanduku haiwezi kuingia mule ikazaa? Tueleze kwanza chombo wanachotumia, kiisha tutajibu.

Kinaitwa RSI. Mmarekani J. Welles Wilder alikitoa mwaka 1978. Kinalinganisha kupanda na kushuka kwa bei, kwa kawaida katika siku 14, kiisha kinatoa namba kati ya 0 na 100. Hakisemi bei iko wapi. Kinasema inaenda na nguvu gani.

Fikirini pikipiki yenye mizigo kwenye mlima. Bado inapanda, lakini mwendo unapungua. Vilevile bei inaweza kufika kilele kipya, na RSI ikabaki chini ya kilele chake cha kwanza. Bei na nguvu zimeachana njia.

Kwa zahabu ilionekana mwaka 2011. Mwezi wa 8 aunsi moja ilipita dola 1,900. Mwanzo wa mwezi wa 9 ikapanda tena kidogo, karibu dola 1,920, lakini RSI ya kila siku haikurudi pale ilipokuwa. Mbele mwezi haujaisha, bei iligusa chini ya dola 1,600.

Je, alama ile ni ahadi? Hapana. Pikipiki inaweza kupata nguvu tena. Alama inaweza kutokea mara mbili, mara tatu, na bei ikaendelea tu kupanda. Aliyecheza kinyume kwa feza ya deni amekwisha. Juu ya ile, wenye kujua wanangoja bei yenyewe ishuke chini ya bonde lililo kati ya vilele viwili. Alama inasema «angalia», haisemi «uza».

Jibu letu ni hili. Feza ya sanduku ni ya ugonjwa, kilio, masomo na mabati. Mgonjwa hawezi kungoja bei irudi. Feza ile isiingie mule. Anayetaka kujaribu atumie yake, ile ambayo hata ikipotea watoto watakula, na asikope kwetu. Na mwenye zahabu mkononi, akiona bei na nguvu vimeachana, auze sehemu, asiingie deni ili angoje zaidi.

Sasa ni kwenu: ndiyo ao hapana, kwa kuinua mikono.