Mpiga Picha, Jiwekee Lengo Linalopimika



Wengi wenu mnapenda kupiga picha kwa simu, lakini mwaka ukiisha hamjui kama mmeendelea. "Nataka kuwa hodari" ni matamanio tu, kwa kuwa hayapimiki.

Chagua mahali pamoja. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, huonekana kutoka Meru na Embu, hasa alfajiri kabla haujafunikwa na mawingu. Simama pale pale kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mwaka ukiisha utakuwa na picha 12. Zipange kwa tarehe, ulinganishe mwanga wa kiangazi na wa masika. Utaona ulipokosea na ulipoboresha.

Kazi hiyo ina faida kwetu sote. Msafara wa Halford Mackinder ulipiga picha barafu ya Lewis mwaka 1899. Ndiyo maana leo tunaona wazi jinsi ilivyopungua. Wajukuu wetu nao watahitaji picha zetu.

Ukipiga picha ya mtu, omba ruhusa kwanza. Tuanze mwezi huu.