Jino Lenye Mzizi wa Titaniamu

Kama nyumbani kwenu yupo bibi au babu mwenye meno ya bandia, unaijua ile glasi ya maji kando ya kitanda. Usiku meno yamo humo, asubuhi yamerudi kinywani, na likija suala la mahindi ya kuchoma, mzee anabaki kutazama wenzake wakitafuna. Leo nazungumzia jino la bandia lisilovuliwa.

Habari yake inaanzia kwa sungura ambaye meno yake hayakuwa na shida yoyote. Mwaka 1952, mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alitaka kutazama kwa hadubini jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa. Akapachika kwenye mguu wa sungura kifaa kidogo cha titaniamu. Kazi ilipokwisha, akataka kukichomoa akitumie tena. Kikagoma! Mfupa ulikuwa umekishika kana kwamba ulizaliwa nacho.

Mwingine angelalamikia hasara. Yeye akaliwazia taya. Mwaka 1965 alimwekea Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya, skrubu nne za titaniamu katika taya la chini. Larsson alizitumia hadi alipofariki mwaka 2006.

Titaniamu ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba wa oksaidi, na mwili hauupigi vita utando huo. Seli za mfupa husogea zikajenga hadi ukutani kwake. Lakini mfupa hautaki papara. Daktari hutoboa taya polepole huku akilimwagia maji, maana joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu hutosha kuudhuru. Skrubu ikishaingia huachwa itulie, kwa kawaida miezi 3 hivi kwa taya la chini na hata 6 kwa la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Ndipo jino lenyewe hufungwa juu yake.

Tena mfupa wa taya usiobeba jino husinyaa. Ndiyo maana mashavu ya kibogoyo huingia ndani. Skrubu huurudisha kazini.

Gharama, nisikufiche, bado ni kubwa. Na ingawa titaniamu haiozi, fizi inayoizunguka huugua usipopiga mswaki, na sigara huzidisha. Basi ukiambiwa urudi baada ya miezi mitatu, usidhani daktari anakuzungusha. Anausubiri mfupa wako.