Habari ya Afundishaye na Afundishwaye katika Kazi ya Utabibu



Tumeombwa siku hii ya Jubilii tuseme neno kwa habari ya vijana wetu wanaojifunza kazi ya utabibu, na wakubwa wanaowafundisha. Huenda mtu akauliza, Mwinjilisti ana nini na mambo ya hospitali? Ni kweli, sisi si matabibu. Lakini vijana hupita nyumbani kwetu kuaga waendapo KCMC kule Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na vyuo vinginevyo. Nao warudipo hutuletea furaha zao na machozi yao. Tena sisi ndio tuitwao kitandani pa mgonjwa wakati dawa zimekwisha kushindwa. Basi tumeona machache.

Hapa Ugweno kufundishana kazi si jambo geni. Kabla wamisionari wa Leipzig hawajaanza kazi Shigatini mwaka 1900, Washana walikuwa wakifua chuma, na Wachaga wakakinunua. Mtoto wa mhunzi aliketi penye mivukuto siku nyingi, akitazama, kabla ya kupewa nyundo. Wala kosa lake halikufichika, maana chuma kibaya hujisema chenyewe: jembe huvunjika shambani, na aliyelifua hujulikana. Mwili wa mtu si hivyo. Kosa la tabibu laweza kuzikwa pamoja na mgonjwa, asijue mtu ila yeye na Mungu wake. Kwa hiyo katika kazi hii ulimi wa mwanafunzi ni wa kulindwa kuliko hata mikono yake.

Kijana mmoja, ambaye tulimfundisha kipaimara sisi wenyewe, alipelekwa hospitali moja, si ya huku, ajizoeze kazi. Siku moja alimwuliza mkubwa wake kipimo cha dawa ya mtoto. Yule mkubwa akamjibu mbele ya mama wa mtoto, “Nani aliyekupasisha wewe?” Watu waliongoja zamu wakacheka. Tangu siku ile kijana hakuuliza tena. Hata usiku mmoja akampa mtoto mwingine dawa mara mbili ya kipimo. Alitambua baada ya saa moja, hakumwambia mtu. Aliketi akishika mkono wa mtoto, akihesabu mapigo ya damu mpaka kulipopambazuka. Kwa rehema za Mungu mtoto aliishi.

Alitueleza haya baada ya miaka miwili, nyuma ya kanisa, jioni. Nasi twakiri mbele yenu kwamba neno letu la kwanza lilikuwa la kumkaripia. Akainamisha kichwa, akanena polepole, “Ndiyo sababu sikusema.” Neno hilo lilitunyima usingizi.

Mkumbukeni mzee Eli na mtoto Samweli. Habari ile yasomwa sana kwa watoto, lakini yafaa zaidi kusomwa kwa wakubwa. Macho ya Eli yalikuwa yamefifia. Mtoto ndiye aliyesikia. Na ujumbe aliousikia ulikuwa juu ya Eli mwenyewe na nyumba yake, ujumbe mchungu. Asubuhi mtoto aliogopa. Ni yule mzee aliyemwita, akamtaka asimfiche hata neno moja, na alipokwisha kusikia hakumpiga. Mwalimu wa namna hii ni haba, hata makanisani.

Wako waliojitahidi. Dk. Albert Cook alifika Mengo, Uganda, mwaka 1897. Yeye na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, walianzisha shule ya wakunga mwaka 1918, wakaandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, apate kuuliza hata asiyejua Kiingereza. Dk. Leader Stirling, aliyekuja nchi yetu mwaka 1935, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya, alifundisha wauguzi huko Lulindi karibu na Masasi. Mahali palipo na daktari mmoja, asipofundisha, siku akiugua yeye hospitali nayo imeugua.

Nanyi vijana, msidhani kila neno kali ni chuki. Muuguzi aliyekesha na wagonjwa thelathini hana sauti ya kinanda. Someni kwanza, ndipo mwulize. Jibu mliandike, msimrudishe mtu mahali pale pale kila siku. Mkitumwa maji, nendeni. Kumtuma kijana maji si dhambi. Dhambi ni kumtuma maji tu, mwaka mzima, asiguse mgonjwa.

Liko pia jambo linalonenwa kwa kunong'ona, nasi twalinena wazi. Mkubwa amtakaye binti anayejifunza kwake, na kumtishia kwamba hatapasi, huyo hafundishi, anawinda. Wazazi, binti akisema hataki kurudi kazini, msimrudishe kabla hamjamsikiliza. Wazee wa kanisa, msilimalize jambo hilo kwa soda na kusameheana. Lipelekeni kwa wenye mamlaka.

Yule kijana wetu sasa ni tabibu katika zahanati moja ya milimani. Mezani pake pana daftari la makosa. Kila mwenye kukosa huandika humo, na ukurasa wa kwanza aliandika yeye, habari za usiku ule. Mwezi uliopita tulikwenda kumsalimu, tukamkuta na mama mmoja mgonjwa, na binti anayejifunza kazi amesimama kando. Alikuwa amekwisha kuandika dawa. Binti akasema, “Samahani, Daktari, hatujamwuliza mama kama ana mimba.” Tulitazama uso wake, twakiri, kwa hofu. Akaweka kalamu chini, akamwuliza mama. Mama akatabasamu kwa haya, akasema ni mwezi wa tatu.

Akaikata ile karatasi, akamsogezea binti kiti.